Mali kauli: hesabu ya kumkopesha mteja bila kuua duka

Kama umewahi kukaa kwenye duka la jumla hata siku moja, maneno haya umeyasikia: "Nipe mzigo, hela nakuletea Ijumaa." Wafanyabiashara wetu wana jina lake: mali kauli. Mzigo unatoka stoo kwa neno la mdomo, pesa inafuata baadaye. Wakati mwingine haifuati.

Likizo iliyopita nilikuwa Tanga kwa mjomba wangu. Anauza kwa jumla sukari, mafuta ya kula, sabuni, unga wa ngano na biskuti, na wateja wake wa mkopo ni maduka kama 40, ya mjini na mengine hadi Muheza na Korogwe. Siku ya pili tu akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo wote wawili), "wewe si umesomea hesabu za mikopo? Sasa nisaidie. Huyu nimpe au nisimpe?"

"Huyu" alikuwa mteja wake mkubwa, wamefanya biashara miaka 12. Alikuwa anadaiwa shilingi 9,500,000 na anaomba mzigo mwingine wa 8,000,000. Mjomba alishasema "njoo kesho" mara mbili.

Kusema ukweli sikuwa na jibu. Utafiti wangu wa uzamili ulihusu mikopo ya benki, na benki ina mafaili, hati na maofisa. Mjomba ana madaftari ya kaunta na simu. Tulikaa nayo siku nne. Makala hii ni yale tuliyoyapitia, kwa sababu hesabu yenyewe ni ileile kwa duka la Tanga na kwa kampuni yenye matawi nchi nzima.

Kwanza: kwa nini ukopeshe kabisa?

Kuna maduka yamebandika lile tangazo la utani kwamba mkopo ni kwa wenye miaka 80 na kuendelea, wakiwa na wazazi wao. Kwa duka la rejareja linaweza kufanya kazi. Kwa muuzaji wa jumla ni vigumu. Mwenye duka la Muheza anauza kidogo kidogo, mtaji wake wote uko kwenye rafu, na mteja wake naye analipa mwisho wa mwezi au baada ya mavuno. Ukimwambia alete pesa yote mkononi, atachukua mzigo nusu, au atakwenda kwa jirani yako.

Isitoshe, muuzaji ana kitu ambacho benki haina. Mwaka 1997 wachumi Mitchell Petersen na Raghuram Rajan walichapisha utafiti kuhusu biashara ndogo za Marekani, na wakajadili faida alizonazo msambazaji kuliko benki. Anamwona mteja mara kwa mara, kwa hiyo anajua mapema mambo yakianza kwenda mrama. Anaweza kukata mzigo, na duka bila mzigo haliendi. Tena akilazimika kuchukua bidhaa zake, anajua pa kuziuza. Benki ikichukua katoni 200 za sabuni, itazipeleka wapi?

Kwa hiyo kukopesha si ujinga. Shida inaanza pale unapokopesha bila kujua bei ya kukopesha.

Hesabu ya mfuko mmoja

Tuseme unanunua mfuko wa sukari kwa 95,000 na kuuza kwa 100,000. Faida yako ni 5,000. Mteja mmoja akichukua mfuko mmoja na asilipe, umepoteza 95,000 uliyoitoa mfukoni. Ili kuirudisha unatakiwa uuze mifuko mingapi? Gawanya 95,000 kwa 5,000: mifuko 19. Yaani wateja 19 waaminifu wanafanya kazi ya kumlipia mmoja aliyepotea.

Hapo tayari tuna kanuni. Ukikopesha mifuko 100 na mitano isilipwe, umetoka sare. Ikizidi mitano, unakula mtaji. Kwa sukari hii, kiwango cha juu cha kushindwa kulipa unachoweza kuvumilia ni asilimia 5.

Sasa chukua biskuti: unanunua katoni kwa 80,000, unauza 100,000. Hapa mpaka unasogea hadi asilimia 20. Maana yake ni kwamba mteja yuleyule, mwenye uwezekano wa asilimia 10 wa kutolipa, unaweza kumkopesha biskuti na ukapata faida, lakini ukimkopesha sukari unapata hasara. Mjomba aliposikia hili alinyamaza kidogo. Kwake mteja alikuwa ama mzuri ama mbaya. Hakuwahi kuuliza, mzuri kwa bidhaa ipi?

Bado kuna muda. Pesa iliyolala kwa mteja ina gharama. Tuseme mtaji wako mwenyewe umeukopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kwa kila mwezi mmoja, ile 95,000 inakugharimu 1,900. Ukilipwa baada ya siku 30, faida imebaki 3,100. Baada ya siku 60, imebaki 1,200. Baada ya siku 90, gharama imefika 5,700, kwa hiyo mteja amelipa kila shilingi, umemshukuru, na bado umepata hasara ya 700.

Na wale waliosajiliwa VAT wanajua jambo jingine: kodi haingoji mteja alipe. Ukishatoa ankara, kodi yake inaingia kwenye hesabu za mwezi huo. Mteja akichelewa, unailipa serikali kwa pesa ambayo bado hujaiona.

Namba tatu za hatari

Kwenye fani yetu, hasara inayotarajiwa hupatikana kwa kuzidisha namba tatu:

1. Uwezekano wa mteja kushindwa kulipa.
2. Kiasi anachodaiwa siku atakaposhindwa.
3. Sehemu ya deni ambayo hutaipata hata baada ya kufuatilia.

Mfano: mteja anadaiwa 6,000,000, uwezekano wa kushindwa ni asilimia 10, na kwa uzoefu ukimfuatilia unarudisha asilimia 40, yaani unapoteza asilimia 60. Zidisha: 0.10 × 6,000,000 × 0.60 = 360,000. Hiyo ndiyo gharama ya kumkopesha, hata kama leo hajakosea chochote. Kama faida unayotarajia kwake ni chini ya hapo, unafanya kazi bure.

Uzuri wa kuzitenganisha ni kwamba kila namba ina dawa yake. Ya kwanza unaipunguza kwa kuchagua wateja na kuwajua. Ya pili kwa kuweka kikomo. Ya tatu kwa dhamana, mdhamini, na maandishi: ankara, hati ya kupokelea mzigo yenye sahihi, namba ya leseni. Mjomba alikuwa na wateja watatu ambao hakuwa na karatasi yao hata moja, na mmoja wao alikuwa anabisha kiasi. Bila karatasi, namba ya tatu inakaribia asilimia 100.

Utauliza, uwezekano wa kushindwa unaupataje? Kwa kampuni kubwa watu wamehangaika nao muda mrefu. Mwaka 1968 Edward Altman wa New York alichukua kampuni 66 za Marekani, nusu zilizofilisika na nusu zilizo hai, akatafuta ni viwango gani vya kwenye mahesabu yao vinavyozitofautisha. Alipata vitano, akaviunganisha kuwa alama moja ambayo bado inafundishwa vyuoni. Lakini duka la Korogwe halina mizania iliyokaguliwa. Lina kitu kingine: historia ya kulipa, kwenye daftari lako mwenyewe.

Umri wa madeni

Tulichukua madeni yote ya mjomba, jumla 40,000,000, tukayapanga kwa umri. Halafu tukarudi kwenye madaftari ya miaka mitatu kuona, deni likishafika umri fulani, ni sehemu gani haikulipwa kabisa. Tukapata hivi, kwa kukadiria:

- Siku 0 hadi 30: 22,000,000, hasara asilimia 1, sawa na 220,000.
- Siku 31 hadi 60: 9,000,000, hasara asilimia 5, sawa na 450,000.
- Siku 61 hadi 90: 5,000,000, hasara asilimia 20, sawa na 1,000,000.
- Zaidi ya siku 90: 4,000,000, hasara asilimia 50, sawa na 2,000,000.

Jumla ya hasara inayotarajiwa ni 3,670,000. Angalia mstari wa mwisho: ni moja ya kumi tu ya madeni, lakini umebeba zaidi ya nusu ya hasara. Deni halizeeki polepole. Kila mwezi linaposogea, uwezekano wa kulipwa unaporomoka.

Jedwali la namna hii si mbinu ya dukani tu. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 9, iliyoanza kutumika Januari 2018, inazitaka kampuni zikadirie hasara ya madeni mapema badala ya kungoja mteja aanguke, na kwa madeni ya wateja inaruhusu jedwali rahisi la umri kama hili. Kabla yake kanuni ilikuwa inasubiri ushahidi kwamba hasara imeshatokea, na msukosuko wa fedha wa 2008 ulionyesha kwamba kusubiri huko ni kuchelewa.

Kipimo kingine cha haraka: gawanya madeni yote kwa mauzo ya mkopo ya mwezi, zidisha kwa 30. Mjomba anakopesha kama 25,000,000 kwa mwezi. 40 gawanya kwa 25, mara 30, ni siku 48. Makubaliano yake na wateja ni siku 30. Kwa hiyo kwa wastani anawapa siku 18 za bure ambazo hakuna mtu aliyeziomba rasmi.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Kwenye jedwali nilimweka kwenye nyekundu mama mmoja ambaye kila mara analipa baada ya siku 70 na kitu. Mjomba akacheka. "Huyu anapeleka chakula shuleni. Shule inamlipa muhula ukiisha. Tangu nimjue hajawahi kukosa." Kumbe nilikuwa nimechanganya vitu viwili: kuchelewa na kutolipa. Mama huyu ana gharama ya muda, ambayo inafidiwa kwa bei, lakini uwezekano wake wa kutolipa ni mdogo sana. Fomula isingejua. Mjomba alijua kwa sababu alishamuuliza.

Wateja 40 si lazima wawe hatari 40

Kuwa na wateja wengi kunasaidia, kwa sharti moja: wasianguke kwa pamoja. Ukikopesha watu 40 ambao matatizo yao hayahusiani, mwezi huu ataugua mmoja, mwezi ujao ataibiwa mwingine, na wastani wako unatulia. Lakini ikiwa wote wanategemea chanzo kimoja cha pesa, una mteja mmoja mwenye majina 40.

Mfano ulio wazi ni Mtwara na Lindi msimu wa korosho wa 2018. Wanunuzi binafsi walipotoa bei ambayo wakulima waliikataa, mwezi Novemba serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo ya wakulima wengi yakachelewa. Sasa fikiria ni wewe uliyekopesha maduka ya huko: la vifaa vya ujenzi, la nguo, la vyakula. Bidhaa ni tofauti, wenye maduka hawajuani, lakini wote wanamngoja mkulima yuleyule. Daftari lako lingeonyesha umetawanya hatari. Korosho ingekuonyesha hukuitawanya.

Ndiyo maana kampuni makini huweka vikomo vya aina mbili: kikomo cha mteja mmoja mmoja, na kikomo cha eneo au zao.

Si bora tu niwapandishie bei?

Hili ndilo wazo la kwanza la watu wengi: wateja wa mkopo wana hatari, basi wauzie ghali zaidi. Kidogo ni sawa, maana muda una gharama. Lakini lina mpaka, na mpaka huo ulielezwa na Joseph Stiglitz na Andrew Weiss mwaka 1981. Ukipandisha bei ya mkopo sana, wa kwanza kuondoka ni wale waliokuwa wamepanga kulipa, kwa sababu wao wanapiga hesabu. Anayebaki na kusema "hakuna shida, andika bei yoyote" ni yule ambaye bei haimhusu, kwa sababu hana mpango wa kulipa. Bei imepanda, na ubora wa wateja wako umeshuka.

Kwa hiyo jibu mara nyingi si bei bali ni kiasi. Weka kikomo.

Kikomo kiwe shilingi ngapi? Jiulize kwa nini mteja anakulipa. Ukiacha dini na malezi, ambavyo vipo na vina nguvu, analipa kwa sababu kesho anataka mzigo tena. Thamani ya kuendelea kufanya biashara na wewe ni kubwa kuliko pesa anayodaiwa. Deni likikua likaipita thamani hiyo, hesabu yake inageuka: kuzima simu kunakuwa na faida kuliko kulipa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yanakuwa makubwa kadiri deni linavyokua. Kianzio tulichokitumia ni rahisi: mteja asidaiwe zaidi ya mzigo wake wa kawaida wa mwezi mmoja, na mteja mpya aanze na robo ya hapo.

Turudi kwa "huyu"

Mzigo wake wa kawaida ulikuwa kama 4,000,000 kwa mwezi. Alikuwa anadaiwa 9,500,000, yaani zaidi ya miezi miwili, na anaomba 8,000,000, mara mbili ya kawaida yake. Ndani ya miezi minane, muda wake wa kulipa ulikuwa umetoka siku 28, ukaenda 41, ukafika 63. Tena alikuwa anataka sukari tupu. Mfanyabiashara aliyebanwa hupenda bidhaa inayotoka haraka, kwa sababu anaweza kuiuza hata kwa bei ya hasara apate pesa ya kuzima deni jingine. Kwenye jedwali letu, yeye alikuwa karibu robo ya madeni yote, lakini zaidi ya nusu ya hasara inayotarajiwa: 4,000,000 zake zilikuwa siku 31 hadi 60, 3,500,000 siku 61 hadi 90, na 2,000,000 zimepita 90. Hiyo ni 1,900,000 katika ile 3,670,000.

Mjomba alikuwa na hoja moja nzito: "Nikimnyima, duka litakufa, na hiyo tisa na nusu nitaikosa." Hoja hiyo si ya kubeza, tukaipigia hesabu. Tuseme usipompa mzigo, uwezekano wa kulipa deni la zamani ni asilimia 60. Ukimpa, faida yako kwenye sukari ni 400,000 akilipa, na unapoteza 7,600,000 nyingine asipolipa. Ili kumpa kuwe na maana, mzigo huo lazima upandishe uwezekano wa kulipa deni lote hadi zaidi ya asilimia 76. Kwa hiyo swali si tena "nimpe au nisimpe". Swali ni: mzigo huu utambadilisha nini?

Jibu hilo halikuwa kwenye daftari. Mjomba akampigia, wakakaa nyuma ya duka na chai. Mzee yule akasema ukweli: pesa ya mizigo alikuwa ameiingiza kwenye jengo la duka la pili. Mauzo yake hayakuwa mabaya. Pesa iligeuka tofali. Sukari nyingine ya milioni nane ingegeuka mabati.

Walikubaliana hivi, kwa maandishi na sahihi mbili: mzigo mpya ni kwa pesa taslimu tu, na kila wiki anapokuja kuchukua analeta na 500,000 ya deni la zamani. Deni likishuka chini ya 4,000,000, mali kauli inafunguliwa tena. Kile kipengele cha mwisho ndicho kinachomfanya arudi kwa mjomba badala ya kupeleka pesa yake taslimu kwingine.

Mpaka naandika haya amelipa wiki 10, na wiki mbili hakutokea. Wiki hizo mbili hakuna mzigo uliotoka. Deni limebaki 4,500,000. Yeye na mjomba bado wanasalimiana msikitini, jambo ambalo mjomba aliliogopa kuliko zile pesa.

Na mimi nimeondoka na kazi: nimeahidi kumtengenezea jedwali la umri wa madeni kwenye simu, lenye safu moja ya ziada ambayo vitabu vyangu havikuwa nayo. Kichwa chake kinasomeka: "Nimemuuliza kwa nini?"